Kioo cha mbele kinapoparuza: kimeongezeka kitu au kimelika?

Osha kioo cha mbele cha gari kwa maji na sabuni, kisuuze, kiache kikauke kivulini, kisha pitisha ncha za vidole juu yake taratibu. Kioo kizima huteleza kama sahani ya kaure iliyotoka kuoshwa. Vidole vikikutana na vipele, au ukisikia mparuzo kama wa msasa mlaini, kuna jambo. Hapo ndipo wengi huanza kusugua: sifongo ngumu ya jikoni, dawa ya meno, wengine hata msasa wenyewe. Swali la msingi linakuwa bado halijaulizwa. Hicho unachokigusa kimeongezeka juu ya kioo, au ni kioo chenyewe kilichopungua?

Kilichoongezeka huondoka, tena mara nyingi kwa vitu vilivyomo nyumbani. Kilichopungua hakirudi. Fundi anayeng'arisha kioo kilicholika hajazi shimo. Anakishusha kioo kilicholizunguka mpaka kilingane nalo, na kazi hiyo ina mpaka wake. Niliwahi kusugua madoa meupe kwenye kioo cha gari langu kwa sifongo ya kusugulia sufuria, nikiamini ni chokaa tu iliyokuwa kaidi. Kumbe kioo kilikuwa kimeshaliwa. Madoa yalibaki pale pale, na juu yake nikaongeza utando wa mikwaruzo uliowaka kila nilipoendesha nikielekea jua.

Mkono, kucha na tochi

Uchunguzi hauhitaji gereji. Vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na upitishe vidole tena juu ya kioo kilicholowa maji ya sabuni. Plastiki huondoa ule unato wa ngozi, kwa hiyo vipele ambavyo mkono mtupu haukuvitambua hujitokeza wazi. Ukishapata mahali penye shaka, pitisha kucha. Kucha ikigonga na kupanda, kuna kitu kimekaa juu. Ikidumbukia na kunasa, kuna mfereji au shimo. Isipogonga wala kunasa ingawa doa linaonekana kwa macho, huenda ni utando mwembamba sana, au uso wa kioo umechomwa na kemikali kwa kina kidogo kuliko kucha inavyoweza kuhisi.

Usiku ukiingia, washa tochi na uilaze pembeni ya kioo ili mwanga upite karibu sambamba na uso wake. Kila punje, kila mkwaruzo na kila kishimo vitang'aa. Usihukumu kioo kilicholowa. Maji hujaza mashimo na mikwaruzo, nayo hupinda mwanga kwa kiasi kisichotofautiana sana na kioo, hivyo kasoro hufichika. Ndiyo maana mtu husugua, akasuuza, akafurahi kuona kioo kimetakata, kisha maji yakikauka madoa yakarudi kana kwamba hayajaguswa.

Kioo huzaliwa laini

Tangu kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilipotangaza mbinu yake mwaka 1959, sehemu kubwa ya kioo bapa duniani hutengenezwa kwa kumimina kioo kilichoyeyuka juu ya dimbwi la bati lililoyeyuka. Kioo huelea, hutandaa, hupoa taratibu, na pande zake mbili hutoka laini bila kusagwa wala kung'arishwa. Kwa hiyo mparuzo unaousikia leo haukutoka kiwandani. Umepatikana njiani.

Kioo cha mbele hakifanani na vile vya milangoni. Ni kama mkate wenye nyama katikati, kwa namna ya kusema: vipande viwili vya kioo, kila kimoja chenye unene wa milimita 2 hivi, na katikati utando wa plastiki laini wenye unene wa karibu milimita 0.76. Mkemia Mfaransa Édouard Bénédictus ndiye aliyepata hataza ya kioo cha namna hii mwaka 1909, akitumia plastiki ya wakati wake. Faida yake inajulikana: kikipasuka, vipande hushikiliwa na utando badala ya kumrukia dereva. Kwa habari yetu, jambo la kukumbuka ni kwamba unapokisugua unashughulika na kile kipande cha nje peke yake, na milimita 2 si nyingi.

Vioo vya milangoni kwa kawaida ni kipande kimoja kilichopashwa moto mkali na kupozwa ghafla ili kiwe imara. Katika kupashwa huko, chembe ndogo za kioo huweza kugandia usoni. Ndiyo sababu wembe unaopita salama kwenye kioo cha mbele unaweza kung'oa chembe hizo kwenye dirisha la mlango na kuziburuta, zikachora mistari mirefu.

Kilichokaa juu

Utomvu wa miti, mabaki ya wadudu, matone ya lami, rangi iliyorushwa na upepo kutoka mahali pa kupulizia, chembe za chuma kutoka kwenye breki, nta ya kuoshea gari: vyote hivi hukaa juu ya kioo bila kukidhuru sana. Wadudu walioganda wafunike kwa kitambaa kilicholowa maji ya sabuni kwa dakika kama 10, watalainika wenyewe. Utomvu na lami hupendelea spiriti kuliko maji. Rangi na chembe za chuma hunaswa na klei, ule udongo laini ambao waosha magari huutumia kusafishia rangi ya bodi. Paka maji ya sabuni mengi, telezesha klei bila kukandamiza, ikunje mara kwa mara ili upande safi uwe chini. Ikianguka chini itupe, maana imeshaokota mchanga.

Mgeni anayestahili maelezo marefu ni maji yenyewe. Maji ya kisima, na mara nyingi ya bomba, hubeba madini yaliyoyeyuka: kalsiamu, magnesiamu, na silika kidogo. Tone likikauka juani, maji huondoka na madini hubaki yakiwa yamejikusanya kwenye duara. Siku inayofuata tone jingine linakauka juu ya lile la jana. Gari linaloegeshwa karibu na mpira wa kumwagilia bustani hupata ukoko huu haraka, na gari linaloachwa likauke juani baada ya kuoshwa hujipatia kidogo kidogo kila wiki.

Sehemu kubwa ya ukoko huo ni kabonati ya kalsiamu, ambayo ni laini kuliko kioo na huyeyushwa na asidi dhaifu. Hapa siki nyeupe inafanya kazi kweli. Loweka kitambaa kwa siki, kilaze juu ya doa kwenye kioo kilichopoa, kisha subiri. Kosa la kawaida ni kupuliza siki na kuifuta papo hapo. Asidi dhaifu inataka muda, wala haitaki nguvu. Dakika 5 hadi 10, futa, suuza, rudia. Zuia siki isichuruzike kwenye mipira na rangi ya bodi, na suuza kwa maji mengi mwishoni.

Ukirudia mara tatu au nne na doa halijabadilika, siki imekupa jibu ingawa haikukupa kioo safi. Kilichobaki si kabonati. Ama ni silika iliyogandia, ama kioo kimeshaliwa chini ya doa. Silika ndiyo kiungo kikuu cha kioo chenyewe, kwa hiyo asidi yoyote itakayoiyeyusha itakiyeyusha na kioo. Asidi hiyo ipo, inaitwa haidrofloriki, na haifai kuwa mkononi mwa mtu asiye na mafunzo. Hupenya ngozi mpaka kwenye mifupa, na wakati mwingine maumivu huchelewa kuja huku uharibifu ukiendelea. Baadhi ya dawa kali za kusafishia ringi za magurudumu huwa na chumvi za jamii ya floraidi zinazofanana nayo kwa tabia. Soma lebo. Dawa ya ringi ikirukia kioo na kukaukia hapo, huweza kuacha ukungu usiofutika.

Kwa ukoko mkaidi uliothibitika kuwa juu ya kioo, wembe mpya una nafasi yake. Lowesha kioo kwa maji ya sabuni, shika wembe ukiwa umelala kwa pembe ndogo, sukuma kuelekea mbele tu, inua, rudi mwanzo, sukuma tena. Kuuvuta kinyumenyume ndiko kunakoleta balaa, kwa sababu punje iliyonaswa nyuma ya makali huburutwa kama kalamu. Ukiona kutu au pengo kwenye makali, chukua mwingine. Wembe hauna kazi upande wa ndani wenye tinti, wala juu ya zile nyaya nyembamba za kupasha joto.

Kuhusu sufi ya chuma, mafundi wamegawanyika. Ile laini kabisa yenye alama ya sifuri nne hutumiwa na wengi kwenye kioo kilicholowa, na mara nyingi haiachi alama. Mimi siipendekezi kwa mtu asiyeweza kuitambua kwa macho, kwa kuwa ile ya jikoni hufanana nayo na ni kali zaidi. Dawa ya meno hung'arisha kidogo mno kiasi kwamba mkono utachoka kabla doa halijajua limeguswa.

Kilicholika

Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kioo cha kawaida kiko karibu na 5.5. Kwatzi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida, iko kwenye 7, yaani ni ngumu zaidi. Namba hizi mbili zinaeleza karibu mikwaruzo yote ya kioo cha mbele. Mpira wa waipa hauwezi kukwaruza kioo. Ni laini mno. Lakini vumbi likiwa limetanda na dereva akawasha waipa bila maji, mpira unageuka kishikizo na mchanga unakuwa patasi. Mistari inayofuata upinde wa waipa, hasa mbele ya dereva, ina historia hiyo. Kitambaa kikavu kinachofuta kioo chenye vumbi kina kosa lile lile, ila mistari yake huwa mifupi na ya kila upande.

Vishimo ni habari nyingine. Ukiendesha kwa kasi, hasa nyuma ya lori, punje za mchanga na kokoto hukutana na kioo kwa nguvu inayoongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ya kukutana ikiwa mara mbili, nishati ya pigo huwa mara nne. Kila pigo huacha kishimo kidogo kuliko kichwa cha pini. Kimoja hukioni. Baada ya miaka vinakuwa maelfu, na kila kimoja hutawanya mwanga. Mchana kioo kinaonekana kizuri tu. Jua likishuka, au taa za gari linalokuja zikikupiga, kioo kizima hugeuka pazia jeupe. Vidole husikia mparuzo wa kavu, unaofanana kila mahali sehemu ya katikati na chini. Hakuna dawa ya kopo inayotibu hali hii. Wauzaji husema ipo. Wanachouza ni mafuta yanayojaza vishimo mpaka mvua inayofuata.

Kuna ulaji wa tatu usiotajwa sana, nao ni wa kemikali. Maji yakikaa muda mrefu juu ya kioo, huchota sodiamu kutoka usoni mwake, na tone lile hugeuka alkali. Alkali ikikolea, huanza kukata viungo vya silika vinavyokishikilia kioo. Kwenye maegesho ya ghorofani mchakato huu huharakishwa: maji yanayopenya kwenye zege hutoka yakiwa na chokaa, yana alkali kali tangu mwanzo, na hudondoka mahali pale pale. Doa la namna hiyo lisiachwe hata siku chache. Likiondolewa mapema kwa siki unabaki na kioo; likichelewa, chini ya chokaa unakuta duara la ukungu ambalo ni kioo kilichochimbwa.

Duara hilo, pamoja na mikwaruzo miepesi isiyonasa kucha, ndiyo mawanda halali ya unga wa oksaidi ya seriamu. Unga huu wa rangi ya njano iliyofifia hukorogwa na maji mpaka uwe kama maziwa mazito, kisha hupakwa kwa pedi ya sufi nene inayozungushwa na mashine kwa mwendo wa chini. Ufanisi wake hautokani na ukali peke yake. Uso wa chembe zake hushikana kikemikali na silika na kuibandua kidogo kidogo, ndiyo maana huacha uso angavu ambapo unga mwingine ungeacha ukungu. Kazi ni ya polepole. Pedi isikauke, mashine isisimame mahali pamoja, na kila baada ya muda mfupi gusa kioo kwa kiganja. Kikiwa cha moto pumzika, kwa maana joto lililokusanyika sehemu moja hukipasua.

Kucha ikinasa, acha. Ili mkwaruzo huo upotee, lazima eneo lote linalouzunguka lishuke hadi chini yake, na utabaki na bonde lisiloonekana kwa macho lakini linalopinda mwanga kama lenzi. Ukitazama barabara kupitia hapo, mistari huyumba na macho huchoka bila wewe kujua kwa nini. Baina ya mkwaruzo mmoja ninaouzoea na lenzi mbele ya macho yangu, nachagua mkwaruzo.

Pigo la jiwe lililoacha alama ya nyota au duara ni kesi tofauti, na ni ya haraka. Libandike utepe mwangavu ili maji na uchafu visiingie, kisha umwone fundi wa kuingiza gundi maalumu kabla ufa haujatembea. Usimwage maji baridi juu ya kioo hicho kikiwa kimechomwa na jua.

Pengine kioo hakina kosa

Waipa inayoruka na kukoroma humfanya mtu aamini kioo kimeharibika. Sikiliza vizuri. Ikiruka upande mmoja tu wa safari, huenda mkono wake umepinda: mpira unatakiwa kusimama wima juu ya kioo na kujilaza upande wa pili kila unapogeuka, na mkono uliopinda huuzuia usigeuke. Ikiruka pande zote, tazama mpira. Jua huukausha na kuupasua, na baada ya miezi 6 hadi 12 mara nyingi huwa haufai, hata kama unaonekana mzima kwa mbali. Ikiwa ni mpya na bado inaruka, kuna mafuta au nta kwenye kioo. Futa kioo na mpira wenyewe kwa kitambaa chenye spiriti kabla hujanunua mpira mwingine. Na angalia kama mpira umechomoka kwenye kishikio chake: chuma kitupu kikipita mara chache tu, kitaacha upinde ambao hutautoa.

Dawa za kufukuzia maji zina mchango wake hapa pia. Zinafanya kazi, matone hukimbia yenyewe kwenye mwendo wa kasi, lakini zikipakwa juu ya kioo ambacho hakijasafishwa kikamilifu huwa mabaka mabaka, na waipa hukwama na kuteleza kwa zamu.

Ukungu wa ndani ni jambo jingine kabisa. Dashibodi ikipata joto la jua hutoa mvuke wa viungo vilainishavyo plastiki, nao huganda kwenye kioo kama mafuta mepesi. Hauparuzi, unateleza na kufanya taa za usiku ziwe na mashada. Tumia vitambaa viwili vya mikrofaiba, kimoja chenye dawa ya kioo au spiriti iliyochanganywa na maji, kingine kikavu. Weupe wa maziwa au mapovu yanayoanzia ukingoni hayafutiki upande wowote, kwa sababu yako katikati: unyevu umeingia kwenye utando wa plastiki na vipande viwili vimeanza kuachana.

Kikibidi kubadilishwa

Vishimo vilivyojaa, mkwaruzo mrefu mbele ya macho ya dereva, au utando ulioachana: haya yanadai kioo kipya. Kabla hakijafungwa, tafuta maandishi madogo yaliyochapwa pembeni. Herufi E ndani ya duara pamoja na namba huonyesha kimepitishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa. Kwa viwango vya Marekani utakuta AS1. Kisha kitazame kwa kukipitisha macho. Kioo cha mbele hupindwa kikiwa kimelainishwa na moto, na upindaji usio makini huacha mawimbi ambayo kidole hakiyasikii. Chagua mstari ulionyooka nje, nguzo au ukingo wa jengo, kisha sogeza kichwa taratibu kushoto na kulia. Mstari ukitikisika kama kitu kilicho chini ya maji, kikatae, hata kama ni laini kama hariri.

Gari lenye kamera nyuma ya kioo inayosoma mistari ya barabara litahitaji kamera hiyo ipangwe upya. Muulize fundi kabla hajaanza, siyo baada ya kumaliza. Muulize pia gundi yake inataka saa ngapi kabla gari halijaendeshwa, kwa sababu gundi hutofautiana na hali ya hewa huibadilisha. Siku hiyo ya kwanza acha dirisha moja wazi kidogo, ili mlango ukifungwa kwa nguvu hewa ipate pa kutokea badala ya kukisukuma kioo ambacho gundi yake bado ni mbichi.